Ua wa ndani wa nyumba ya Kihindi si pambo

Ukitazama picha za nyumba mpya za Bengaluru au Ahmedabad, utaona ua wa ndani: mti mmoja, kokoto nyeupe, kioo juu. Wengi huamini ni urembo tu, tena ulioletwa na Wamughali, nasaba ya Kiislamu iliyotawala India. Yote mawili si kweli.

La historia ni jepesi. Wamughali walianza kutawala mwaka 1526. Nyumba za Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus, zenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, tayari zilikuwa na vyumba vilivyozunguka ua.

Kinachosahaulika ni kazi yake. Usiku, ua ulio wazi hupoa, na hewa ya baridi hutua chini ikaingia vyumbani. Mchana kuta ndefu huutia kivuli, na hewa ya moto hupanda ikatokea juu. (Waliokulia Lamu, kwenye nyumba zenye kiwanda, yaani ua wa ndani, wanalijua hili.) Katika nyumba za kale za Ahmedabad, maji ya mvua yalihifadhiwa kwenye birika chini ya ua. Kerala, kusini mwa India, mapaa ya nyumba za jadi ziitwazo nalukettu huinamia ndani, mvua ikamwagika katikati.

Sasa ufunike ua huo kwa kioo. Jua linaingia, joto halitoki: umejenga tanuri lenye mti. Msanifu Charles Correa, katika nyumba yake ya mfano ya Ahmedabad mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliiachia hewa ya moto tundu la kutokea juu ya paa. Ukiogopa wezi, weka nondo. Mvua? Chimba mfereji.