Kiu ya Kaskazi na sahani ya wali

Shikamoo daktari. Nakaanga samaki pale Deep Sea, hapa Tanga. Alfajiri nakunywa chai kikombe kimoja, maji siyakumbuki mpaka saa nane nikila wali. Kuna ubaya?

Marahaba. Chai nayo ni maji, tusiionee. Ila kwa jua la Kaskazi na moto wa karai, jasho limeshakizidi hicho kikombe. Mwili ukipungukiwa maji, ubongo huachia homoni iitwayo vasopresini, nazo figo hubana maji. Ndipo mkojo unapokuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Homoni hiyohiyo hufika kwenye ini, ilipo akiba ya sukari, ikalichochea liitoe. Basi sukari ya wali inaikuta ya ini imeshatangulia kwenye damu.

Kumbe kiu inaleta kisukari?

Hapo umeruka mbali. Mwenye afya, kongosho lake hutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, na mambo yakakaa sawa. Mwenye kisukari cha aina ya pili ndiye wa kuangaliwa. Katika utafiti mmoja mdogo, wa wanaume 9 tu wenye kisukari hicho, siku 3 za kunywa maji kidogo zilifanya sukari yao ipande zaidi walipopewa glukosi, yaani sukari, wanywe. Na ikishavuka kama milimoli 10 kwa lita ya damu, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, nayo haitoki peke yake, inavuta maji. Unakojoa, unaona kiu, unakimbilia soda. Chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari! Umezima moto kwa mafuta ya taa.

Dafu je? Na machungwa ya Muheza?

Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, lakini potasiamu yake ni nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza. Chungwa limenye ulile. Ukilikamua, nyuzinyuzi umezitupa na makapi.

Mama mkwe anakataza maji wakati wa kula.

Mheshimu, lakini kunywa. Maji hayaharibu usagaji wa chakula. Weka chupa karibu na karai, upige mafunda tangu asubuhi. Aliyepangiwa kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo asikizidishe. Na mwenye kisukari akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kuchanganyikiwa, msimpe dafu mkangoja: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.