Shujaa mpweke wa riwaya ya Kimalta ni nani?

Usimwaze mtu wa panga na ngao. Wanaochambua riwaya za Malta wakisema "shujaa mpweke", wanamaanisha mhusika mkuu, mara nyingi kijana wa kijijini, anayeanza kufikiri kwa akili yake mahali ambapo kijiji na parokia ni kitu kimoja.

Hapo kwenye "kitu kimoja" ndipo penye uzito wote. Malta ni nchi ndogo ya visiwa, na kwa karne nyingi karibu watu wake wote walikuwa Wakatoliki. Katika riwaya hizi kanisa limekaa katikati ya kijiji, na kapillan, yaani paroko, anajua nani hakuonekana misani. Ubatizo, ndoa, maziko, sikukuu ya mtakatifu msimamizi, vyote hupitia mlango uleule. Anayekosana na Kanisa basi hukosana na jirani, na mchumba, hata na salamu ya asubuhi. Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, kwa hiyo neno linalomwandama shujaa huyu hatulioni geni: dnub, dhambi.

Kwangu mfano bora ni Leli ta' Ħaż-Żgħir, riwaya ya Ġużè Ellul Mercer ya 1938. Leli anasoma vitabu, shaka inamwingia, na kijiji hakina pa kumweka mtu wa namna hiyo. Mwaka 1971 Frans Sammut, mmoja wa vijana walioanzisha vuguvugu la kuamsha fasihi ya Kimalta mwaka 1967, alitoa riwaya ya Il-Gaġġa. Maana yake ni tundu, lile la kufugia ndege.

Wengi hudhani shujaa huyu lazima awe mkana Mungu. Sivyo. Anaweza kuwa bado anamtafuta Mungu kwa dhati; anachokataa ni kupangiwa na kijiji njia ya kumtafuta.

Na gharama yake haikuwa ya vitabuni tu. Mwaka 1961, katika ugomvi wa Kanisa na chama cha Leba, Askofu Mkuu Mikiel Gonzi aliwatenga viongozi wa chama hicho na sakramenti. Ellul Mercer, aliyewahi kuwa naibu waziri mkuu, alikuwa miongoni mwao. Alifariki mwaka huohuo, akazikwa katika sehemu isiyobarikiwa ya makaburi ya Addolorata, ambayo watu waliiita il-Miżbla, yaani jalala. Ilikuwa miaka 23 tangu amwandike Leli.