Kiinitete kizuri, mpokeaji mbovu

Mimba isiposhika baada ya kupandikiza kiinitete (mimba changa ya siku chache) ndani ya ng'ombe mwingine, yaani mpokeaji, lawama huangukia kiinitete kwanza. Mara nyingi kinaonewa. Kiinitete cha daraja la kwanza, cha mviringo safi na seli zilizoshikamana, hupotea vizuri tu ndani ya ng'ombe aliyechaguliwa harakaharaka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii, kwa maoni yangu, ni kukataa wapokeaji.

Anza na tarehe ya joto. Siku ng'ombe aliposimama akakubali kupandwa na wenzake ndiyo siku ya 0, na kiinitete cha siku 7 kinataka mji wa mimba wa siku ya 7. Tofauti ya saa 24, mbele au nyuma, inavumilika. Ikizidi hapo, nafasi ya mimba inashuka. Projesteroni, homoni inayotunza mimba, hubadilisha majimaji ya mji wa mimba siku hadi siku, na majimaji hayo ndiyo chakula cha kiinitete kabla kondo halijajishika. Kisha kuna kikwazo cha siku ya 16 hivi. Kufikia hapo kiinitete kinatakiwa kiwe kimerefuka kama uzi na kinatoa interferoni tau ya kutosha, ishara ya kujitambulisha kwa mama. Kisipofanya hivyo, mji wa mimba unaachia homoni ya prostaglandini, na mwili wa njano, uvimbe wa juu ya ovari unaotoa projesteroni, unanyauka. Mpokeaji aliyetangulia siku mbili hufikia hatua hiyo kiinitete kikiwa bado kidogo mno kujitambulisha.

Kwa hiyo "nadhani alikuwa na joto Jumatatu" si tarehe. Hata waliochomwa prostaglandini siku moja ili waje joto pamoja hawaji pamoja: mmoja siku ya 2 baada ya sindano, mwingine siku ya 5. Andika aliyeonekana, si aliyetarajiwa.

Siku ya kupandikiza, pima ovari kwa mkono au altrasaundi. Mwili wa njano usipoonekana, mrudishe zizini. Ukiupata, andika upande, maana kiinitete kinawekwa upande huohuo. Prostaglandini hutoka kwenye pembe ya mji wa mimba (moja ya matawi yake mawili) kwenda ovari ya upande uleule kupitia mishipa ya damu iliyolaliana, bila kuzunguka mwili mzima. Kiinitete kikiwekwa pembe ya pili, pembe inayotakiwa kuzuiwa isitoe prostaglandini haipati ujumbe mapema.

Mpokeaji awe tayari kabla hujafungua mtungi wa naitrojeni unaohifadhi viinitete vilivyogandishwa: amefungwa, amesafishwa, amechomwa ganzi mkiani (mililita 5 hivi za lignokeini ya asilimia 2). Mrija wenye kiinitete, uliogandishwa kwa ethilini glaikoli (kimiminika kinachokikinga dhidi ya barafu), unashikwa hewani sekunde 10, kisha unaingia kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mpaka barafu iishe, sekunde 15 hivi. Wanaoruka ile hatua ya hewani huhatarisha ganda la kiinitete, ambalo linaweza kupasuka. Kausha mrija, uupakie kwenye bunduki, kifaa cha kupandikizia, na ndani ya dakika 10 kiinitete kiwe mahali pake. Bunduki ivishwe kifuko cha plastiki kinachotobolewa kwenye shingo ya kizazi tu, uchafu wa ukeni ubaki nje.

Vitabu vinataka theluthi ya juu ya pembe. Mimi naona afadhali kukiachia katikati kuliko kuifuata hiyo theluthi kwa kusukuma. Mkwaruzo kwenye ukuta wa mji wa mimba huamsha prostaglandini ileile tunayoikimbia, na ncha ya bunduki ikitoka na damu, usitegemee sana mimba.

Yaliyobaki yanajulikana: alama ya hali ya mwili (unene au wembamba) karibu na 3 kati ya 5, siku 60 na zaidi tangu kuzaa, hakuna usaha, amepimwa brusela (ugonjwa wa kutupa mimba) na BVD (ugonjwa wa virusi vya kuhara vya ng'ombe). Usimbadilishie chakula wala kumsafirisha wiki za karibu na kupandikiza. Viinitete vilivyogandishwa hushika mimba mara chache kuliko vibichi, hasa vilivyotengenezwa maabara.

Akirudi joto kati ya siku ya 18 na 24 tangu joto la kwanza, kiinitete hakikujitambulisha kabisa; rudia kukagua tarehe, upande na ufundi wa mkono wako. Akirudi siku ya 30 na kitu, huenda kilijitambulisha kisha kikafa, na hapo tazama maradhi, lishe au kiinitete chenyewe. Altrasaundi ya siku ya 30 irudiwe siku ya 60, kwa sababu baadhi ya mimba hupotea katikati.