Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini gesi ipo

Baridi ya Juni na Julai ikishika Njombe au Limuru, wengi huwasha jiko la mkaa nje, hungoja moshi uishe, kisha huliingiza chumbani. Imani ni ya zamani: moshi ukiisha, hatari imekwisha.

Sivyo. Moshi huwasha macho, lakini kinachoua haraka ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa mekundu huendelea kuitoa hadi yazimike. Ndani ya damu, gesi hii hushikamana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, mwili ukakosa oksijeni huku mtu akipumua kama kawaida. Kichwa huuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Aliyelala huenda asishtuke kabisa.

Na ile sufuria ya maji ambayo wengine huiweka pembeni ya jiko ili inyonye gesi? Haisaidii, kwani gesi hii karibu haiyeyuki majini. Dirisha lililoachwa wazi kidogo nalo si kinga ya kutegemea. Kipo kifaa kidogo cha betri kinachopima gesi hii na kupiga kelele ikizidi, ila kisigeuzwe kibali cha kulala na jiko. Moto uoteni barazani. Anayeamka na kichwa kizito chumbani mwenye jiko atolewe nje kwanza, kisha apelekwe hospitali.