Koherensi ni nini katika kipimo cha nyundo?

Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole kabla ya kulipa. Kikilia vizuri ni kizima, kikitoa mlio uliopooza kina ufa. Wahandisi wa mitetemo nao hugonga vyuma, ila nyundo yao ina kihisi cha kani kichwani, na chuma chenyewe hubandikwa kipima mchapuko, kifaa kinachohisi mtetemo wake. Kompyuta hulinganisha mtetemo na pigo kwa kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz), kisha huchora mstari wenye vilele. Penye kilele ndipo chuma hicho hupenda kutetema.

Je, mchoro huo unaaminika? Hilo hujibiwa na koherensi: namba kati ya 0 na 1, inayohesabiwa kwa kila masafa, ikionyesha ni sehemu gani ya mtetemo uliopimwa inaelezeka na pigo lako. Ukisoma 0.98 penye Hz 60, karibu nishati yote pale imetoka kwenye nyundo. Ukisoma 0.4, zaidi ya nusu haielezeki kwa nyundo hiyo.

Pigo moja halitoshi. Ukigonga mara moja tu, koherensi itakuwa 1 kuanzia mwanzo wa mchoro hadi mwisho, na anayeanza kazi hufurahi bure. Shahidi akiwa peke yake, nani atampinga? Ndiyo maana hugongwa mara 3 hadi 5, hata 10, palepale na kwa upande uleule, wastani ukachukuliwa. Nyundo ikidunda na kugonga mara mbili, futa pigo hilo urudie.

Tuchukue pampu ya maji ambayo fremu yake inatikisika kupita kiasi. Mota ya nguzo 4 za sumaku kwenye umeme wa Hz 50 huzunguka chini kidogo ya mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani karibu Hz 25. Unataka kujua kama fremu nayo ina masafa yake asilia, yale inayopenda kutetema kwayo, hapo. Unazima pampu, unagonga. Tuseme kuanzia Hz 80 kwenda juu koherensi ni 0.99, lakini penye Hz 25, pale hasa unapopahitaji, ni 0.3.

Kwanza angalia pampu ya jirani. Kama inazunguka, mtetemo wake unapita sakafuni na kuingia kwenye kipimo chako. Kisha angalia ncha ya nyundo. Ncha ya chuma hutoa pigo fupi sana, nguvu yake ikatawanyika hadi Hz elfu kadhaa, na huku chini kinabaki kidogo. Weka ncha ya raba, tena chukua nyundo nzito zaidi. (Raba nayo ina kasoro yake: haifiki masafa ya juu, na huko koherensi huporomoka.) Halafu kamata spana. Boliti iliyolegea huifanya fremu ijibu hivi ukigonga taratibu, na vingine ukigonga kwa nguvu.

Si kila bonde la koherensi ni la kuogopesha, hata hivyo. Yapo masafa ambayo nukta unayopima karibu haisogei kabisa; ishara inakuwa ndogo, kelele inatawala, koherensi inashuka. Hiyo ni kawaida. Mimi huhangaika inaposhuka penye kilele.

Na mashahidi wakikubaliana uongo, koherensi haitawaumbua. Bandika kipima mchapuko kizito kwenye bati jembamba: uzito wake utashusha masafa asilia ya bati, kila pigo litatoa jibu lilelile lililopotoka, na koherensi itang'aa karibu na 1. Ukishuku hivyo, gundisha kando ya kipima kipande chenye uzito sawa nacho, ugonge tena. Vilele vikihama, ujue kipima kilikuwa kimeshavihamisha tangu pigo la kwanza.