Tangazo la kwanza la televisheni ni la zamani kuliko unavyodhani

Wengi huamini matangazo ya biashara ya televisheni yalizaliwa miaka ya 1950. Si kweli. Marekani iliruhusu televisheni ya kibiashara kuanzia tarehe 1 Julai 1941, na siku hiyohiyo kituo cha WNBT cha New York kilirusha tangazo la saa za Bulova kabla ya mechi ya besiboli. Lilikuwa fupi mno: saa juu ya ramani ya nchi, na sauti ya mtangazaji. Gharama? Dola 9 tu, maana wenye televisheni walikuwa wachache. Wala Bulova, iliyoanzishwa mwaka 1875, haikubahatisha. Ilishazoea kujitangaza redioni tangu miaka ya 1920. Kilichochelewesha wengine ni vita: mwaka 1942 utengenezaji wa televisheni za kiraia ulisimamishwa.