Pikipiki za Kasi za Barabarani: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Ukiwauliza wapenzi wa pikipiki kubwa mashine za barabarani zenye nguvu na kasi zilianzia wapi, wengi watajibu bila kusita kwamba zilizaliwa Japani, Oktoba 1968, Honda ilipoionyesha CB750 kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Tokyo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana limedumu. Hata hivyo, limefunika zaidi ya miaka sitini ya kazi ya mafundi wengine, na Honda yenyewe limeisifia kwa jambo ambalo si lake huku likiacha lile linalostahili sifa. Madai yanayofuata ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Kabla ya Wajapani, pikipiki za barabarani hazikuwa na kasi ya maana"

Ni kweli kwamba mwanzo ulikuwa mnyonge. Hildebrand & Wolfmüller ya Munich, pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa, ilitoka mwaka 1894 ikiwa na injini ya karibu cc 1,500, kubwa kuliko ya magari mengi madogo ya leo, lakini nguvu yake ilikuwa ya farasi 2.5 tu na mwendo wake ulifika kama kilomita 45 kwa saa. Bodaboda ya cc 100 ingeipita kabla hata ya kuingia gia ya mwisho.

Unyonge huo haukudumu. Mei 1907 mashindano ya Tourist Trophy, yaani Kombe la Watalii, yalifanyika kwa mara ya kwanza katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, na jina lenyewe linaeleza yalikuwa ya nani: yaliandaliwa kwa ajili ya pikipiki za safari, zenye madigadi na vizuia sauti, tena kwa mafuta ya kupimiwa. Charlie Collier alishinda kundi la silinda moja kwa Matchless, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 61 kwa saa juu ya barabara za vumbi na mawe. Wale wanaoamini kwamba pikipiki ya kasi daima huanzia kwenye mashindano ndipo ishushwe barabarani wangefanya vyema kuukumbuka mwaka huo, kwa kuwa hapo safari ilikuwa ya upande wa pili: mashine ya barabarani ndiyo iliyopelekwa kushindana.

Kufikia mwaka 1924, George Brough wa Nottingham, Uingereza, alikuwa akiuza Brough Superior SS100, yenye injini ya V ya silinda mbili na ujazo wa karibu cc 1,000, pamoja na dhamana kwamba pikipiki hiyo ilijaribiwa na kufikisha maili 100, yaani kilomita 160, kwa saa. Ilikuwa mashine ya matajiri. Kiwanda chake chote kilitoa takriban pikipiki 3,000 tu tangu 1919 hadi 1940, za aina zote, na mteja wake maarufu kuliko wote alikuwa T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni, aliyemiliki saba kwa nyakati mbalimbali.

Kifo cha Lawrence nacho kimezungukwa na dhana yake, kwamba aliuawa na uchu wa kasi. Kilichotokea ni kwamba tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumba yake ya Clouds Hill huko Dorset, akiwa juu ya SS100 yake, alijaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akaanguka, akaumia kichwa na kufariki siku sita baadaye. Hakuwa na kofia ya kujikinga, jambo lililokuwa la kawaida wakati ule. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alichunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyosaidia kuifanya helmeti kuwa vazi la lazima kwa askari hao. Kama pana urithi wa SS100 unaomgusa kila anayepanda pikipiki leo, basi pengine ni huo kuliko zile maili mia moja.

Baada ya vita ikaja Vincent Black Shadow ya mwaka 1948, kutoka Stevenage, yenye cc 998, nguvu ya farasi 55 na mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Mwaka huohuo, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Mmarekani Rollie Free alilala kifudifudi juu ya Vincent iliyotayarishwa maalumu, akiwa amevaa nguo ya kuogelea tu ili kupunguza upepo, akavuka kilomita 241 kwa saa. Hiyo haikuwa ya barabarani, nami siihesabu. Lakini Black Shadow ya kawaida ilikuwa ikiuzwa dukani, na CB750, iliyoingia sokoni mwaka 1969, miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwendo wake wa juu ulikuwa hukohuko kwenye kilomita 200. Kwa kipimo cha kasi peke yake, basi, mwaka 1969 haukuleta jambo jipya.

"CB750 ilivumbua silinda nne, breki ya diski na stata ya umeme"

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoanzia hapo. Kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilitoa pikipiki ya silinda nne mwaka 1905, zikiwa zimepangwa kwa urefu wa pikipiki. Silinda nne zilizopangwa kwa upana, kama za Honda, zilikwisha kuwapa Gilera na MV Agusta wa Italia ushindi mwingi wa dunia katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa 1965 MV Agusta walionyesha Milan pikipiki ya barabarani ya cc 600 ya mpangilio huohuo, ikiwa na breki za diski mbele. Breki hizo zilivutwa kwa waya, kama ile iliyokuwa imetangulia kwenye skuta ya Lambretta TV175 mwaka 1962. Stata ya umeme ni ya zamani zaidi: Indian wa Marekani waliiweka kwenye pikipiki ya mwaka 1914, wakaiondoa upesi kwa sababu betri za wakati ule hazikuiweza kazi hiyo.

Kilichokuwa kipya ni mahali pengine. MV Agusta ya cc 600 ilikuwa nzito, haikuvutia macho, na ziliuzwa mia moja na ushee tu. Honda ilichukua vitu hivyohivyo, ikaipa diski nguvu ya mafuta ya breki badala ya waya, ikaviunganisha vyote kwenye injini moja ya cc 736 yenye nguvu ya farasi 67, ikaiuza Marekani kwa dola 1,495, kisha, na hili ndilo kubwa, ikampa mnunuzi pikipiki ambayo angebonyeza kitufe asubuhi ikawaka, akaenda nayo kazini, akarudi bila kukuta dimbwi la oili chini yake. Mmiliki wa Black Shadow alihitaji mguu wenye nguvu wa kupiga kiki na fundi wa karibu. Mmiliki wa CB750 alihitaji petroli.

Hata namba ile ya 67 ina kisa chake. Kwa maelezo ya Honda wenyewe, walikuta pikipiki kubwa ya Harley-Davidson ikitajwa kuwa na nguvu ya farasi 66, wakaamua yao iwe na mmoja zaidi.

Honda nao hawakujua walichokuwa nacho mikononi. Walitarajia kuuza kama 1,500 kwa mwaka. Idadi hiyo ikageuka kuwa ya mwezi, kisha ikapanda hadi 3,000 kwa mwezi, na kabla muundo huo haujaachwa mwishoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 400,000. Kutokana na wasiwasi wa mwanzo, injini za pikipiki 7,414 za kwanza hazikutengenezwa kwa kalibu za gharama za shinikizo kubwa, na nyuso zake zilitoka na ukwaruzo. Wakusanyaji wa vitu vya kale huziita "za mchanga" na kuzinunua kwa bei ya kuruka, wakiamini zilimiminwa kwenye kalibu za mchanga. Ukweli ni kwamba zilimiminwa kwenye kalibu za chuma za kudumu, madini yakishuka kwa uzito wake. Jina limekwisha kuganda, na sioni dalili ya kubanduka.

"Wajapani waliiga kazi ya Waingereza, kisha wakawaua"

Sehemu ya kwanza ya dai hili ina mfano mmoja mzuri. Kampuni ya Kijapani ya Meguro ilitengeneza pikipiki iliyofanana mno na BSA A7 ya Birmingham. Kawasaki walipoichukua Meguro walirithi muundo huo, na kutoka humo ikatoka Kawasaki W1 ya cc 650 mwaka 1966. Anayetaka kusema Kawasaki waliiga, katika hilo anasema kweli. Anayelipanua dai hilo hadi CB750 hana pa kusimama. Honda walikwenda Kisiwa cha Man mwaka 1959 na injini ndogo za cc 125, wakapata tuzo ya timu mara ya kwanza. Mwaka 1961 Mike Hailwood aliwashindia mbio za cc 125 na za cc 250. Walichokijua kuhusu injini za kuzunguka kwa kasi walikipata huko, na hapakuwa na pikipiki ya Kiingereza ya barabarani ya kuigiwa jambo hilo.

Ama habari ya kuuawa, viwanda vya Uingereza havikushambuliwa gizani. Edward Turner, aliyebuni Triumph Speed Twin ya mwaka 1937, alitembelea viwanda vya Japani mwaka 1960 na kurudi akiwa ameshtushwa na ukubwa wa uzalishaji aliouona. Triumph na BSA, zilizokuwa chini ya mwavuli mmoja, zilikuwa zimekwisha kubuni injini ya silinda tatu miaka kadhaa kabla ya CB750, lakini zilichelewa kuitoa hadi 1968. Na ilipotoka, Trident bado ilipigwa kiki, ilitumia breki za ngoma, na ganda la injini yake liligawanywa kwa wima kama desturi, hivyo kiungo kikakaa mahali oili inapoweza kuvujia, ilhali Honda waligawanya lao kwa ulalo. Kwa maoni yangu, huo mstari wa kiungo unaeleza zaidi kuliko hotuba zote za kulaumu ushindani. BSA ilianguka mwaka 1973.

"Mwenye farasi wengi ndiye mwenye kasi"

Miaka ya 1970 iliifundisha dunia kinyume chake, mara nyingine kwa maumivu. Kawasaki H1 ya mwaka 1969, yenye silinda tatu za mipigo miwili, cc 498 na nguvu ya farasi 60, ilikimbia sana kwenye mstari ulionyooka, lakini fremu na breki zake hazikulingana na injini, hata ikapewa jina la utani la "mtengeneza wajane". Z1 ya mwaka 1972, cc 903 na farasi 82, ilikuwa bora kwa mbali. Hata hivyo waliozoea kuiendesha kwa mwendo wa juu walijua namna ilivyoweza kuanza kuyumba.

Somo hili lilikuwa la zamani. Mwaka 1950 Norton walitumia fremu iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless, ambayo mpanda pikipiki Harold Daniell aliifananisha na kitanda cha manyoya, na jina hilo likabaki. Kwa fremu hiyo na injini ya silinda moja, Geoff Duke alitwaa ubingwa wa dunia wa cc 500 mwaka 1951 mbele ya Gilera zenye silinda nne na nguvu zaidi. Vijana wa London waliokusanyika Ace Cafe wakapata hesabu yao: walichukua injini ya Triumph, wakaifunga kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Rimini, Italia, nako, Massimo Tamburini alianguka na CB750 yake kwenye uwanja wa Misano mwaka 1972, akaijengea injini hiyo fremu yake mwenyewe, na kutoka hapo zikazaliwa pikipiki za Bimota.

Viwanda vikubwa vilichukua muda kuitikia. CB750 ilikuwa na uzito wa kilo 218 bila mafuta. Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985, yenye fremu ya aluminiamu na injini iliyopozwa kwa oili, ilikuwa na kilo 176 na nguvu ya farasi 100. Kupungua kwa kilo zile arobaini na mbili ndiko ninakokuona kama mpaka kati ya pikipiki za kasi za zamani na hizi tunazozifahamu.

"Ligi ya superbike ilianza kama uwanja wa Wajapani"

Hili ni fupi kulijibu. Msimu wa kwanza wa ubingwa wa Marekani wa superbike, yaani pikipiki kubwa za barabarani zilizotayarishwa kushindana, mwaka 1976, ulifunguliwa Daytona, na walioingia wa kwanza na wa pili, Steve McLaughlin na Reg Pridmore, wakitenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho, wote walipanda BMW R90S: pikipiki ya Kijerumani ya safari, ya silinda mbili zilizochomoza ubavuni, inayozungusha gurudumu kwa shafti badala ya cheni. Pridmore akachukua ubingwa wa mwaka huo kwa BMW hiyohiyo. Kawasaki walisubiri hadi 1977, na aliyewaletea alikuwa Pridmore yuleyule.